Springi za Mkonga: Kuinua, Kulainisha au Kurudisha?

Gari linalozungumzwa hapa ni Toyota Land Cruiser pikapu, toleo la HZJ75, la miaka ya 1990. Watanzania huliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Injini yake ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina haraka, na wengi wenye gari hili wanaamini itawazika wao kabla wao hawajaizika. Chini kuna chesisi ya ngazi, ekseli mbili zilizo kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za bapa kwenye kona zote nne: vyuma vilivyopindwa kidogo, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa yuboliti. Mwaka 1999 Toyota walibadili mpango. Pikapu mpya, 79, ilipewa springi za koili mbele; za nyuma zikabaki za bapa lakini zikarefushwa. Tangu hapo kila mwenye 75 hutazama 79 ya jirani na kujiuliza kama na yeye afanye jambo.

Jambo gani? Nimeita sauti nne zijibu. Si watu halisi. Ni hoja nilizozoea kuzisikia chini ya magari yaliyopigwa jeki Arusha na Moshi, nikazipa midomo. Wa kwanza ni mwenye gari, mama anayelima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na kuvipandisha Karatu. Wa pili ni fundi wa springi, mzee. Wa tatu ni dereva wa watalii. Wa nne ni mhandisi kijana aliyesoma mambo haya darasani na bado hajayasahau. Mimi nitaingilia nikiona inabidi, na sitajifanya sina upande.

MWENYE GARI: Nianze mimi, maana ninyi mkishaanza kuongea vyuma mtanisahau. Nikiwa na mzigo, kitako kinakaa chini, pua inatazama mbinguni na usukani unakuwa mwepesi mpaka naogopa. Nikiwa mtupu, gari linadunda, na kwenye kona ya vumbi kitako kinataka kunipita. Nikifika lami, kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linatembea litakako. Nasahihisha kushoto, nasahihisha kulia, nikifika Makuyuni mabega yamekufa ganzi. Kijana mmoja amenishauri nitoe springi za mbele nifunge koili kama za 79, halafu niinue gari lote sentimita 5. Anasema nitasahau kama naendesha pikapu.

DEREVA: Mama, huyo kijana hajakosea kote. Mimi nimeendesha 75 na nimeendesha 79 kwenye ile barabara ya changarawe inayotoka ukingo wa Ngorongoro, ikapita Olduvai, hadi Naabi. Ardhi pale hujikunja kama bati, kijituta baada ya kijituta, kilomita kwa kilomita. Ndani ya 75 kila kijituta unakisikia kwenye meno. Vioo vinalegea, skrubu zinafunguka zenyewe, na ukikanyaga breki unagundua tairi zilikuwa zinagusa vilele tu. 79 inameza vile vijituta. Mgeni anapiga picha gari likiwa kwenye mwendo. Hiyo ndiyo koili.

FUNDI: Umelinganisha gari la miaka thelathini na gari la miaka mitano, halafu sifa zote ukazipa koili.

DEREVA: Mzee, hata zingekuwa mpya zote mbili...

FUNDI: Ngoja kidogo. Mama, bushi za springi ulibadili lini?

MWENYE GARI: Bushi zipi?

FUNDI: Basi tumeanza. Sikiliza. Kila springi ina jicho mbele na jicho nyuma. Jicho moja limefungwa kwenye chesisi, la pili linaning'inia kwenye sheko, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Ndani ya kila jicho mna bushi, na juu ya sheko mna bushi nyingine. Zikiisha, ekseli nzima inapata ruhusa ya kwenda pembeni na kurudi. Unageuza usukani, ekseli inajifikiria kwanza. Hapo sijagusa beringi za kingipini, sijagusa tairodi endi, sijagusa boksi ya stelingi. Gari likitangatanga kwenye lami, mimi sianzi na springi. Namweka mtu kwenye usukani autikise kushoto na kulia gari likiwa limesimama, mimi nalala chini natazama nani anasogea na nani anachelewa. Mara nyingi ugonjwa unajionyesha hapo hapo, na dawa yake si ya bei ya koili.

MWENYE GARI: Na kitako kinachonipita kwenye vumbi?

FUNDI: Hicho tutafika.

Naingilia. Mzee ana haki, ila mafundi wa rika lake hupenda kuishia hapo, kana kwamba kiwanda kilimaliza kazi yote na sisi tumebakiwa na kurudisha. HZJ75, hata siku ilipotoka dukani ikiwa na harufu ya rangi, haikuwa gari la kusifiwa kwa kona. Ilitengenezwa ibebe, ivuke mto, ifike. Kurudisha bushi kutamrudishia mama gari la mwaka wake. Swali lake ni kama anaweza kupata bora kuliko hilo. Hapo ndipo fundi huwa mkimya na kijana wa darasani anapata la kusema.

MHANDISI: Shikamoo mzee, naomba nisikupinge, niongezee tu.

FUNDI: Marahaba. Wote wanaonipinga huanza hivyo.

MHANDISI: Springi ya bapa ina msuguano ndani yake. Vyuma vinapobonyea vinasuguana, na msuguano huo unatuliza gari bila malipo. Ndiyo maana pikapu yenye shokapu zilizokufa bado inafika sokoni. Ubaya ni kwamba msuguano hauchagui. Tuta kubwa linaushinda, springi inabonyea. Kijituta kidogo hakiushindi, springi haisogei kabisa, na kinachobaki kubonyea ni tairi peke yake. Kutu ikiingia kati ya vyuma, mambo yanazidi. Kwa hiyo kaka hapa hakudanganya kuhusu barabara ya Naabi. Ila sehemu kubwa ya alichokihisi ni kutu, wala si umbo la springi.

FUNDI: Hilo nalikubali bila kusomea. Unaifungua, unapiga brashi ya waya kila chuma, unapaka grisi ya grafaiti, unatazama kama kuna kilichopasuka karibu na tundu la katikati, unarudisha na yuboliti mpya. Yuboliti za zamani usirudishe, zimeshavutika.

DEREVA: Wenye Land Rover za zamani wana springi za bapa chache, mbili au tatu, nene katikati na nyembamba mwishoni, zinazogusana katikati na kwenye ncha tu. Msuguano umekwisha.

MHANDISI: Zipo, na ni nzuri. Ila ukiondoa msuguano umeondoa na ule utulizaji wa bure, kwa hiyo shokapu lazima ziwe za maana. Watu hununua springi hizo, wanaacha shokapu za zamani, kisha wanalalamika gari linaogelea.

MWENYE GARI: Turudi kwenye koili zangu.

MHANDISI: Mama, springi ya bapa inafanya kazi mbili. Inabeba uzito, na inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili inabeba tu. Ukitoa bapa, ekseli inabaki haina mwenyewe. Toyota kwenye 79 waliweka mikono miwili mirefu inayoishika ekseli isiende mbele na nyuma, na fimbo moja ya kuvuka inayoizuia isiende pembeni. Kila kimoja kina mahali pake pa kushikiwa kwenye chesisi, na pembe zake zimepigiwa hesabu pamoja na vyuma vya stelingi. Wewe ukija na mashine ya kuchomelea ukakosea pembe hizo, kila gari linapobonyea litajipigia usukani lenyewe.

DEREVA: Lakini inafanyika. Nimeona magari Arusha yamefungwa ekseli ya mbele yenye koili, yanakwenda.

FUNDI: Yanakwenda, ndiyo. Mimi nimeletewa kadhaa yakiwa yanakwenda. Chesisi inachomelewa na mtu anayejua wapi pasichomelewe. Ukikata ovyo, ukapika chuma ukingoni, ufa unaanza pale pale moto ulipoishia, na hauonekani chini ya rangi. Ukipata ajali, mtu wa bima hataniuliza mimi. Atakuuliza wewe nani alichomelea.

MHANDISI: Na hiyo 79 tusiiabudu. Mwaka 2007 mbele yake ilipanuliwa ili injini ya V8 iingie, nyuma ikaachwa ilivyokuwa. Upana wa magurudumu ya mbele ukazidi wa nyuma kwa karibu sentimita 10. Wenye magari hayo nao wakaanza kutafuta rimu na ekseli za kusawazisha. Kizuri cha 79 ambacho watu hawakitaji ni urefu. Kati ya ekseli na ekseli kuna mita 3.18, ya mama ina mita 2.98. Sentimita 20 hizo zinatuliza gari kuliko watu wanavyodhani, na hakuna springi inayoweza kuzinunua.

Koili nimeziacha mimi. Dereva hajaziacha, na hakosi sababu. Kampuni ya utalii yenye karakana yake, mafundi wake na gari la mfano la kupimia inaweza kuifanya kazi hiyo na kuirudia kwenye magari kumi. Mkulima mwenye gari moja anafanywa kuwa gari la mfano. Pesa yake itafanya kazi zaidi mahali pengine, na mahali penyewe ni nyuma, sio mbele.

MHANDISI: Mama, unabeba kiasi gani?

MWENYE GARI: Magunia kumi. Kumi na mawili soko likiwa zuri.

MHANDISI: Gunia la kilo 100?

MWENYE GARI: Wewe unaishi Tanzania ipi? Ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake.

FUNDI: Haya. Kwenye karatasi tani moja, chini ya gari Mungu anajua.

MHANDISI: Ndiyo maana naanza hapo. Hakuna mtu anayeweza kumchagulia springi gari ambalo halijapimwa. Kwanza likiwa tupu, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Halafu likiwa na mzigo wa kawaida. Mizani za magari zipo kwenye maghala ya nafaka na kwenye machimbo ya kokoto, si lazima zile za TANROADS za barabarani. Kampuni za Australia zinazouza springi za Land Cruiser, Old Man Emu kwa mfano, swali lao la kwanza ni uzito gani unakaa kwenye gari siku zote. Si uzito wa siku ya mavuno. Wa siku zote.

MWENYE GARI: Siku zote halina kitu. Nabeba vitunguu msimu wa mavuno. Miezi mingine ni mimi, mbolea kidogo na mafuta ya pampu ya kumwagilia.

FUNDI: Na nyuma una springi za tani mbili. Nimezitazama ulipoingia. Kuna mtu amekuongezea vyuma, na viwili havifanani na vingine.

MWENYE GARI: Ni fundi wa Karatu. Nilimwambia kitako kinakaa, akasema tuongeze.

FUNDI: Sote tunasema hivyo. Mteja akija anataka kuona kitu kimeongezwa. Ukimpunguzia anadhani umemwibia.

MHANDISI: Hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana. Ugumu wa chuma bapa unapanda kwa unene mara tatu, yaani unene mara unene mara unene. Chuma cha milimita 8 ukikilinganisha na cha milimita 7, kimezidi unene kwa milimita moja lakini ugumu umezidi karibu nusu nzima. Urefu ni hivyo hivyo kwa kinyume: ukirefusha springi kwa sehemu 10 kwa mia, ugumu unashuka kwa karibu robo. Ndiyo siri ya zile za nyuma za 79. Zilirefushwa ili zilainike bila kupoteza nguvu ya kubeba. Fundi wa Karatu alidhani ameongeza chuma. Ameongeza gari jingine juu ya hilo.

DEREVA: Na kitako kinachompita mama kwenye vumbi ndiyo hicho.

MHANDISI: Ndiyo hicho. Kwenye kona uzito unahamia tairi za nje. Nyuma ikiwa ngumu kupita kiasi kuliko mbele, tairi ya nyuma ya nje inabebeshwa sehemu kubwa ya uzito huo kwa ghafla, inachoka kabla ya za mbele, inateleza. Gari likiwa tupu tairi za nyuma zina uzito mdogo wa kuzibana chini, basi inakuwa haraka zaidi. Nendeni Kenya mkatazame Hilux za miraa zinazoshuka kutoka Maua kwenda Nairobi. Nyuma zimejazwa vyuma kwa ajili ya mzigo, na zikiwa na mzigo zinakimbia mno. Sitaki kuwa ndani ya mojawapo ikirudi tupu kwenye mvua.

MWENYE GARI: Sasa nikipunguza vyuma, vitunguu nitabebaje?

FUNDI: Kuna springi ya hatua mbili. Vyuma vya juu vinafanya kazi kila siku. Chini yake kuna kimoja au viwili vinene, vimelala karibu vimenyooka, havigusi kitu mpaka mzigo ushuke juu yake. Gari tupu linakwenda laini, likijazwa linapata msaada. Mkonga wako ulitoka nyumbani kwao na mpangilio wa namna hiyo, ukaharibiwa njiani.

MHANDISI: Na panga magunia mbele zaidi, mama. Kilo 500 zikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, zinaondoa karibu kilo 50 kwenye magurudumu ya mbele. Ule wepesi wa usukani unaoulalamikia ndio huo. Magunia mazito yaegemee kebini, mepesi yaende mlangoni. Hakuna bei.

MWENYE GARI: Wapakiaji wangu wanaanza na mlangoni kwa sababu ndiko karibu.

Hoja hii ya kupakia ingestahili makala yake. Ninaiacha, lakini nikiri kwamba katika mjadala mzima hakuna kauli iliyonishawishi kama hiyo, na ndiyo pekee isiyohitaji spana. Kwenye kuinua ndiko sauti zilikopanda.

DEREVA: Sentimita 5 msimkatalie. Barabara ya Mang'ola wakati wa masika naijua. Unahitaji kupita juu ya vitu.

MHANDISI: Kitu gani kinachogusa chini kwanza?

DEREVA: Difu.

MHANDISI: Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Ukiinua springi umeinua chesisi na bodi. Difu imebaki pale pale. Kinachoipandisha ni tairi kubwa tu.

DEREVA: Lakini tumbo na ngazi za pembeni zimepanda. Na tairi inapata nafasi ya kushuka kwenye shimo.

MHANDISI: Hilo nakupa. Sasa tulipie. Chukua gari lenye upana wa mita 1.4 kati ya tairi na tairi, kitovu cha uzito kiko sentimita 80 juu ya ardhi. Kipandishe kifike 85. Uwezo wa kuvumilia kona kabla ya kupinduka umeshuka kwa karibu sehemu 6 kwa mia, na hapo sijahesabu gari linavyolala wala magunia yanayopanda juu ya kebini. Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Springi ya nyuma imefungwa mbele kwa jicho lisilosogea. Jicho hilo likiwa chini ya ekseli, gari likilala kwenye kona ekseli inajigeuza kidogo kwa upande wa kutuliza. Ukipinda springi zaidi ili gari liinuke, jicho linapanda juu ya ekseli na mambo yanageuka. Tairi ya nje inarudi nyuma, ya ndani inakwenda mbele, na ekseli ya nyuma inaelekea nje ya kona. Umejitengenezea kitako kinachotaka kukupita, safari hii kwa gharama.

FUNDI: Na vali.

MWENYE GARI: Vali ya nini tena?

FUNDI: Ya breki. Lala hapa chini utazame, mama. Ile pale juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo. Inapima chesisi iko mbali kiasi gani na ekseli. Chesisi ikishuka inajua umebeba, inazipa breki za nyuma nguvu. Chesisi ikiwa juu inajua huna kitu, inazinyima, ili tairi za nyuma zisijifunge ukakosa mwelekeo. Sasa wewe inua gari, au jaza vyuma mpaka kitako kisishuke hata kwa lumbesa. Vali itaapa kwamba hujabeba kitu. Utateremka ule mteremko wa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu na tani moja na zaidi mgongoni, na breki za mbele zitafanya kazi ya zote nne.

MWENYE GARI: Nilipofika Mto wa Mbu mara ya mwisho zilikuwa zinanuka.

FUNDI: Nimesikia.

DEREVA: Fimbo ile inarekebishwa, mzee. Unashusha kishikio chake.

FUNDI: Inarekebishwa. Niletee waliorekebisha. Mimi nawajua walioikata na kufunga waya.

Mimi nasimama na fundi na kijana hapa, na nasimama kwa ukali zaidi yao. Kuinua gari ni jambo la macho. Mkonga ulioinuliwa unapendeza ukiwa umeegeshwa, na nina hakika robo tatu ya hamu ya kuinua inaanzia hapo. Mwenye gari linalotangatanga kwenye lami angefikiria kulishusha, sio kulipandisha, na hakuna duka litakalomwambia. Pia kwenye ekseli ya mbele, sheko ndefu zinaizungusha ekseli kidogo na kubadili kasta, ule mlalo wa kingipini unaofanya usukani urudi katikati wenyewe. Ikipungua, gari linatangatanga zaidi. Kuna vipande vya chuma vilivyochongwa kwa mshazari vinavyowekwa kati ya springi na ekseli kurudisha mlalo huo. Mama anaweza kuvihitaji hata bila kuinua, ikiwa springi zake za mbele zimelala kwa uzee.

MWENYE GARI: Mmenikataza koili, mmenikataza kuinua. Kuna mnachoniruhusu?

DEREVA: Shokapu. Hapo hakuna atakayebisha.

FUNDI: Nitabisha.

DEREVA: Mzee wangu, shokapu nimeziua mwenyewe kwa miaka. Springi inarudisha ilichopewa. Isipozuiwa inarudisha tena na tena. Shokapu inaizuia kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na nguvu yote inageuka joto. Kwenye vijituta vilivyoachana sentimita 75, ukienda kilomita 60 kwa saa, hiyo ni mapigo 22 kila sekunde. Baada ya saa moja mafuta yanachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Unahisi gari limebadilika, unadhani barabara imeharibika zaidi. Simama, gusa zote nne kwa tahadhari. Zile za moto ni nzima. Ile iliyo baridi ndiyo imekufa, maana haifanyi kazi.

MHANDISI: Hilo halimo kwenye vitabu vyangu. Nitaliiba.

DEREVA: Kwa hiyo mama afunge shokapu za bomba moja zenye gesi ya naitrojeni. Gesi imetenganishwa na mafuta kwa pistoni, povu linakosa nafasi. Na bomba liko wazi kwenye upepo, linapoa upesi.

FUNDI: Na jiwe? Bomba moja likipigwa jiwe likabonyea, pistoni inakwama. Ya bomba mbili inabonyea la nje, la ndani linaendelea na kazi. Mang'ola pana mawe au hapana?

MWENYE GARI: Mawe ndiyo barabara yenyewe.

FUNDI: Nabishana na hilo tu. Zifungwe shokapu mpya, kubwa kuliko za sasa, zinazolingana na springi baada ya kupunguza vyuma. Si za springi za zamani. Shokapu kali kwenye springi laini inalivuta gari chini kidogo kidogo kwenye vijituta mpaka linakalia mipira ya kuzuia.

MHANDISI: Na ile shokapu ya stelingi ambayo kijana wako alitaka kukuuzia?

MWENYE GARI: Umejuaje?

MHANDISI: Wote huiuza. Inaficha mtetemo wa usukani kwa miezi kadhaa. Beringi za kingipini zinaendelea kufa kimyakimya.

DEREVA: Inasaidia ukikanyaga jiwe.

MHANDISI: Inasaidia gari lililokwisha kutengenezwa.

MWENYE GARI: Nina pesa ya kitu kimoja sasa, na kingine baada ya mavuno. Nipangieni.

FUNDI: Sasa: bushi zote, yuboliti, beringi za kingipini, kisha alaimenti. Nyuma natoa vile viwili vya Karatu, nasafisha vilivyobaki, narudisha chuma cha msaada chini. Vali naifungua nione kama inasogea au imeganda.

DEREVA: Na upepo. Changarawe punguza kidogo, lami rudisha. Tairi nayo ni springi, na mama anaendesha na upepo ule ule mwaka mzima.

FUNDI: Upepo, sawa. Baada ya mavuno, shokapu nne.

MHANDISI: Kabla ya kutoa hivyo vyuma viwili, mzani.

FUNDI: Kijana, mimi natazama upinde wa springi najua.

MHANDISI: Unajua springi, mzee. Hujui lumbesa.

Mzee alinyamaza, na katika mjadala wote hiyo ndiyo mara pekee niliyoona amepigwa. Ukweli wa jambo ni kwamba jicho lake litakaribia jibu, na mzani utalitoa kamili, na tofauti kati ya hayo mawili kwa mzigo wa tani moja inaweza kuwa chuma kizima cha springi.

MWENYE GARI: Basi Jumatatu nashusha vitunguu Karatu. Jumanne naleta gari likiwa tupu, mpate kulala chini vizuri.

FUNDI: Lilete na vitunguu, mama. Tupu nimeshaliona.